Kamera ndogo ya kidijitali: jinsi ya kuanza nayo, kuitunza na kulinda picha zako

Msikilizaji wetu mmoja wa Pangani alitutumia ujumbe wakati wa kipindi cha asubuhi. Dada yake anayeishi Muscat alimletea zawadi ya kamera ndogo ya kidijitali, ile ya kuingia mfukoni. Akaenda nayo harusini, akapiga picha nyingi, na alipofika nyumbani akakuta karibu nusu yake zina ukungu. Halafu tarehe iliyoandikwa kwenye picha ilikuwa ya mwaka 2008. Swali lake lilikuwa hili: "Mtangazaji, kamera ni mbovu au mimi ndiye sijui?"

Hewani nilikuwa na dakika mbili tu za kumjibu, zikaisha kabla sijamaliza. Baada ya hapo simu ziliendelea kuingia, maana kumbe wenye kamera hizi wapo wengi. Wengine waliletewa na ndugu, wengine walizikuta kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, na wengine walizitoa kabatini zilikolala miaka. Ndiyo sababu nimeamua kuandika kwa kirefu hapa.

Jibu fupi kwa ndugu yetu wa Pangani ni kwamba kamera yake ni nzima. Kuna mambo machache tu ambayo hakuambiwa.

Kwa nini kamera, wakati simu zipo?

Kamera ndogo nyingi zina lenzi inayotoka na kurudi. Ukivuta kitu karibu, vioo vilivyomo ndani ya lenzi ndivyo vinavyosogea, kwa hiyo picha haipotezi ubora. Simu nyingi za bei ya kawaida hukuza picha kwa kuikata na kuitanua, na ndiyo maana mtu aliyesimama mbali hutoka kama amechorwa kwa vumbi. Kamera nayo ina ukuzaji wa aina hiyo, unaoitwa zumu ya kidijitali. Uzime kwenye menyu, kisha utumie ule wa lenzi peke yake.

Usibabaishwe na idadi ya megapikseli iliyoandikwa kwa mbele. Picha ya kusafisha ya inchi 6 kwa 4, ile ya kuweka kwenye albamu, inahitaji megapikseli kama 2 tu ili itoke safi. Kamera yoyote yenye 8 au 12 inakutosha, hata kwa picha kubwa ya kutundika sebuleni.

Siku ya kwanza

Chaji betri mpaka ijae kabla ya kuanza. Soma maandishi madogo yaliyo nyuma ya chaja. Yakisema 100–240V, unaweza kuichomeka kwenye umeme wetu bila wasiwasi. Chaja za Oman huwa na plagi ya pini tatu kama zetu. Zikitoka Marekani zina pini mbili bapa, hivyo utanunua adapta ya plagi dukani.

Ukishaiwasha, weka tarehe na saa. Watu wengi huruka hatua hii, kumbe kompyuta hupanga picha kwa tarehe iliyohifadhiwa ndani ya kila picha. Ukija kutafuta picha za harusi ya mwaka jana, utazikuta zimechanganyika na za miaka ambayo hata kamera hukuwa nayo. Kamera nyingi zina betri nyingine ndogo ndani ya kuendeshea saa. Kamera ikikaa muda mrefu bila betri kubwa, ile ndogo nayo huisha na tarehe hurudi mwanzo. Ndicho kilichompata msikilizaji wetu.

Kisha weka ubora wa picha kwenye kiwango cha juu, na uvae kamba ya mkononi kila unapoishika. Kamera nyingi hufa kwa kuanguka sakafuni, na kamba ile ni kinga ya bure.

Kwa nini picha zinatoka na ukungu?

Kitufe cha kupigia picha kina hatua mbili. Ukikibonyeza nusu, kamera hupima umbali na mwanga. Subiri uone kisanduku cha kijani kwenye kioo au usikie mlio mdogo, ndipo ubonyeze mpaka mwisho. Ukibonyeza mara moja kwa nguvu, kamera hupiga kabla haijajua unampiga nani, na mkono wako hutikisika. Hapo ndipo ukungu unapotoka.

Ndani ya ukumbi au usiku, shika kamera kwa mikono miwili na ubane viwiko mbavuni, au uegemee nguzo. Taa ya flashi ya kamera hizi ni ndogo, nguvu yake hufika mita 3 au 4 hivi. Ukiwa umekaa nyuma ya ukumbi na bibi harusi yuko jukwaani, flashi haitamfikia, itawaangaza waliokaa mbele yako tu. Sogea karibu.

Mchana wa jua kali fanya kinyume cha mazoea, yaani washa flashi. Jua la saa saba hutia giza machoni na chini ya kofia au mtandio. Mwanga kidogo wa flashi huondoa giza hilo.

Kadi ndiyo yenye mali

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa nimetoka tu kumaliza cheti cha utangazaji, nilinunua kamera ndogo iliyotumika. Sikukuu ya Idi nikaenda nayo Muheza kwa bibi yangu mzaa mama. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nikampiga picha, akagomba kwamba hajajiandaa, akaingia ndani na kutoka amejifunga kanga mpya. Nikampiga tena nyingi, akiwa na wajukuu, akicheka.

Siku mbili baadaye nilitakiwa kwenda kuchukua habari kwenye mkutano wa kijiji. Nilipowasha kamera, iliandika kwamba kadi ina hitilafu, ikauliza kama niifomati. Nilikuwa na haraka na watu walikuwa wananisubiri. Nikabonyeza ndiyo, kisha nikapiga picha za mkutano zaidi ya mia moja.

Jioni nilimpelekea fundi wa kompyuta kadi ile. Alijitahidi, akanirudishia picha mbili tu za bibi, nazo zimekatika katikati. Akaniambia kwamba kama ningeitoa kadi ileile dakika iliponiandikia hitilafu, huenda angezipata karibu zote. Bibi alifariki kabla ya Idi iliyofuata. Sauti yake ninayo, kwa sababu siku ile nilimrekodi pia kwa kinasa sauti cha kazini. Picha zake za siku hiyo sina.

Nilichojifunza kwa fundi yule ni hiki. Ukifuta picha au ukiifomati kadi, mara nyingi picha zenyewe haziondoki papo hapo. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye daftari. Kurasa nyingine bado zina maandishi, ila kamera haijui tena viko wapi. Ukipiga picha mpya, unaandika juu ya kurasa zilezile, na hapo ndipo za zamani hupotea kweli. Kwa hiyo:

- Kadi ikileta hitilafu, au ukifuta kwa bahati mbaya, zima kamera na utoe kadi. Usipige picha hata moja zaidi.
- Iweke pembeni mpaka umpate mwenye kompyuta na programu ya kurejesha mafaili. PhotoRec ni mojawapo, na haiuzwi. Picha zinazorejeshwa zihifadhiwe kwenye kompyuta, zisirudishwe kwenye kadi hiyohiyo.
- Usitoe kadi wakati kamera imewaka au taa yake inamwekamweka. Hiyo ni sababu kubwa ya kadi kuharibika.
- Nunua kadi dukani unakoweza kurudi. Zipo kadi bandia zilizoandikwa ukubwa ambao hazina. Zikijaa kile kidogo cha kweli, picha zinazofuata hazihifadhiki. Ijaribu kwa kuijaza mafaili na kuyafungua, kabla ya shughuli yako.
- Kamera za kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida husoma kadi za SD za mpaka GB 2 tu. Ukiweka ya GB 32 ikakataa, si lazima kamera iwe mbovu.
- Kamera ikikuambia kadi imefungwa, angalia kidude kidogo ubavuni mwa kadi na ukisogeze juu.

Ukirudi kutoka kwenye shughuli, hamisha picha siku hiyohiyo. Weka nakala mbili sehemu mbili tofauti, mfano kompyuta ya nyumbani na diski ya nje inayokaa kwa ndugu. Ukishahakikisha zinafunguka kote kuwili, ndipo uifomati kadi ndani ya kamera yenyewe. Zile unazozipenda zaidi, zisafishe kwenye karatasi. Karatasi haina hitilafu ya kadi.

Betri

Betri za lithiamu hazipendi joto. Usiache kamera ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala juu ya kabati karibu na bati. Kama hutaitumia kwa miezi, toa betri ikiwa na chaji kama nusu. Betri iliyovimba usiilazimishe kuingia na usiichaji tena.

Kamera zinazotumia betri ndogo za AA zina tabia yao. Ukiziwekea betri za bei rahisi za tochi, utapiga picha chache tu na itazima. Nunua za kuchaji. Hizo nazo zitoe unapoihifadhi kamera, kwani zikivuja hula vyuma vya ndani.

Mchanga, chumvi na unyevu

Sisi wa mwambao tuna maadui watatu. Wa kwanza ni mchanga. Chembe moja ikiingia pembeni mwa lenzi inayotoka na kurudi, lenzi hukwama na kamera hukataa kuwaka. Ufukweni itie kamera kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, na usiitoe kwa mikono yenye mchanga.

Wa pili ni chumvi. Ukitoka baharini au kwenye boti, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo sana kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu.

Wa tatu ni unyevu, hasa wakati wa masika. Kamera iliyofungiwa kabatini miezi inaweza kuota kuvu ndani ya lenzi, na kuitoa ni kazi ya fundi. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Itoe na kuiwasha angalau mara moja kwa mwezi. Usiizike kwenye mchele, vumbi la mchele litaingia ndani.

Studio yetu ina kiyoyozi, na nikitoka nje na kamera wazi, lenzi huvaa ukungu mara moja. Dawa yake ni kuiacha ndani ya mkoba uliofungwa kwa kama nusu saa mpaka izoee joto la nje.

Ikitumbukia majini, usiiwashe kuona kama bado ni nzima. Toa betri na kadi haraka, acha milango yake wazi, uikaushe kivulini penye hewa kwa siku kadhaa, kisha umpelekee fundi. Ikiwa ni maji ya bahari, kamera inaweza isipone, ila kadi mara nyingi hupona. Ikaushe vizuri kabla ya kuisoma.

Kusafisha lenzi

Anza kwa kupuliza vumbi, lakini si kwa mdomo, maana mate hutoka. Kile kipira cha kunyonyea kamasi za mtoto kinachouzwa maduka ya dawa, kikiwa kipya na kikavu, kinafaa sana. Kisha futa taratibu kwa mzunguko, kwa kitambaa laini cha miwani. Shati, kanga na karatasi za chooni huacha mikwaruzo. Petroli na spiriti visikaribie kabisa.

Ukinunua iliyotumika

Siku hizi vijana wanazitafuta tena kamera hizi za miaka ya 2000, na wauzaji wanajua. Kabla hujatoa pesa, iwashe na kuizima mara kadhaa uone lenzi inatoka bila kukwaruza. Ivute mpaka mwisho, jaribu flashi, kisha piga picha ukuta mweupe uone kama kuna madoa. Fungua mlango wa betri uangalie kutu. Uliza chaja yake, na uone inatumia kadi gani. Kamera za zamani za Olympus na Fujifilm nyingi hutumia kadi ya xD, na za Sony hutumia Memory Stick, ambazo leo ni ngumu kupatikana madukani.

Ndugu yetu wa Pangani alinipigia tena. Ameweka tarehe, amejifunza kubonyeza nusu, na amempiga mama yake picha akiwa uani. Nilimuuliza swali moja tu: umeshazihamisha? Akacheka, akasema bado. Nikamwambia tukikata simu, akaanze na hilo.