Bomba la moshi likiliwa na kutu

Ndugu madereva na wakuu wa misheni, Land Cruiser ya zamani inaponguruma kuliko kawaida, kelele siyo shida kubwa. Bomba likitoboka chini ya sakafu, moshi huingia walipoketi wajumbe tunaowapeleka kwenye mazungumzo, na madirisha yamefungwa sababu ya vumbi. Ndani ya moshi kuna kaboni monoksidi: haina rangi wala harufu, na inashikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, anaweza kufa. Dizeli huitoa kidogo kuliko petroli, lakini huitoa.

Kutu huanzia ndani, pale mvuke wa moshi unapogeuka maji na kutuama katika sailensa. Ndiyo maana kiraka hakidumu: bati linalozunguka tundu limekwisha kuwa jembamba.

Tubadilishe bomba. Bolti zipakwe mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake. Ikikatikia kwenye injini, kuitoa ni kazi kuliko bomba lenyewe. Gasketi na mipira ya kuning'inizia iwe mipya. Mwisho wa bomba upite bodi. Kisha washa injini, ziba mdomo kidogo kwa kitambaa kinene, usikilize kila kiungo.