Jiko Lisilale Nanyi

Kule Limuru, Kinangop na Nyahururu, baridi ya Juni hadi Agosti huingia mpaka mifupani, na jiko la makaa huletwa chumbani ili watoto wapate joto. Nia ni njema, lakini hatari ipo.

Wengi husema, "Makaa yamekwisha kukolea, hayana moshi, basi hayana madhara." Sivyo. Makaa mekundu hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani, wala haina harufu. Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi. Kwanza huja maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Kisha usingizi usio na kuamka.

Basi jitayarisheni mapema. Anikeni mablanketi juani. Wenye meko ya dohani, ondoeni masizi na viota vya ndege. Jiko liwashwe nje, na mnapoota moto dirisha liwe wazi. Kabla ya kulala, litoeni nje, hata kama makaa bado ni mazuri. Watoto wawekewe chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Mtu akilalamika kichwa karibu na jiko, tokeni nje nyote upesi mpate hewa safi, kisha mpelekeni hospitali.

Akina baba na akina mama, joto la usiku mmoja lisiwanyime watoto wenu asubuhi.