Ngazija Si Jina la Ukoo Tu

Hapa kwetu pwani, kuanzia Lamu hadi Vanga, ni nadra kuukuta mji usio na nyumba ya Wangazija. Tumeoana nao, tumesoma nao chuoni, tumezikana nao. Lakini mtu wetu akijaliwa vijisenti na likizo ya wiki mbili, utamsikia akitaja Dubai, Istanbul ama Mauritius. Visiwa vya Komoro, ambavyo ni majirani zetu wa kusini, havimpitikii akilini. Na hata yule mmoja anayekwenda, aghalabu huishia Moroni: hufikia kwa jamaa, hula harusi, akarudi. Makala haya nayaandika kwa ajili ya yale yaliyoko nje ya Moroni, maana baadhi ya niliyoyaona huko yamo mbioni kutoweka.

Visiwa vyenyewe ni vinne: Ngazija, Nzuani, Mwali na Maore. Vitatu vya kwanza vilijitawala tarehe 6 Julai 1975. Maore ilibaki mikononi mwa Ufaransa, na mwaka 2011 ikafanywa rasmi kuwa mkoa wa nchi hiyo. Jambo hilo nitalirejea, kwa sababu limegharimu roho za watu.

Mswahili hachelewi kuzoea huko. Kifaransa na Kiarabu ni lugha za serikali, lakini majiani na sokoni watu husema Kikomoro, ndugu wa Kiswahili tumbo moja. Hata hivyo, usidhani kwamba kila neno ulijualo lina maana ile ile. Ukimpa mtoto zawadi atakujibu "marahaba", nawe hukumwambia shikamoo! Kwao marahaba ni asante. Na mdogo akitaka kumwamkia mkubwa wake kule Ngazija husema "kwezi", naye mkubwa hujibu "mbona". Siku ya kwanza nilidhani wazee wote wa mji wananiuliza swali.

Tuanze na Ngazija yenyewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote. Msikiti wa Ijumaa wa kale pale Moroni, ulioko ukingoni mwa bahari, ulijengwa mwaka 1427 na mnara wake ukaongezwa mwaka 1921. Huo kila mgeni huuona. Wachache ndio wanaokwenda kusini kidogo hadi Iconi, uliokuwa mji wa masultani wa Bambao. Nyuma ya mji kuna genge refu linaloangukia baharini. Wenyeji watakuonyesha mahali ambapo, mwaka 1805, wanawake wa Iconi walijitupa chini wakafa, wakikataa kuchukuliwa utumwani na wavamizi kutoka Bukini. Hakuna mapambo wala kelele za watalii mahali hapo. Unasimama, unasoma Fatiha, unashuka.

Kaskazini ya Moroni uko mji wa Itsandra, na sisi tuna deni nao. Hapo ndipo alipozaliwa, mwaka 1861, Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuja kuwa kadhi wa Unguja na mwalimu wa walimu wetu hadi alipofariki mwaka 1925. Na kutoka kisiwa hicho hicho ndiko alikotoka Habib Swaleh, aliyehamia Lamu na kuuasisi Msikiti Riyadha, ambao maulidi yake hatuna haja ya kumwelezea mtu. Watu wanatoka Tanga na Unguja kuja kuzuru Lamu, na ni haki yao. Wangapi wetu wamekwenda kuiona ardhi iliyomlea?

Ukiendelea kaskazini hadi karibu na Mitsamiouli utalikuta ziwa la maji ya chumvi ndani ya shimo la volkano, hatua chache tu kutoka baharini. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji hapo, akapita msafiri aliyeomba maji ya kunywa akanyimwa, na kijiji kikazama usiku ule. Hadithi hiyo ina uzito wake Ngazija, kisiwa kisicho na mto hata mmoja, kwa kuwa mvua ikinyesha hunywewa na mawe. Watu huishi kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa birikani. Mlima Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, ungali hai. Mwaka 1977 moto wake ulishuka hadi kijiji cha Singani ukaziteketeza nyumba, na mwaka 2005 majivu yake yaliyachafua mabirika ya maelfu ya watu. Hivyo basi, ukikaribishwa maji ya kunywa Ngazija, jua umekirimiwa.

Mwali ndicho kisiwa kidogo kuliko vyote, na kwangu mimi ndicho kinachopendeza zaidi. Hakina majumba makubwa. Mji wake mkuu, Fomboni, ni barabara moja na utulivu mwingi. Ni ajabu kwamba kisiwa hiki kidogo kiliwahi kutawaliwa na mwanamke: Jumbe Fatima, binti wa Ramanetaka, Mbukini aliyesilimu. Alitawazwa mwaka 1849 akiwa bado msichana mdogo, akazongwa na Wafaransa na mahasimu wengine maisha yake yote, akafariki mwaka 1878.

Kusini ya Mwali, mbele ya kijiji cha Nioumachoua, vimetapakaa visiwa vidogo vyenye misitu hadi majini. Mashariki kiko kijiji cha Itsamia, na huko ndiko nilikojifunza jambo. Usiku, kasa hupanda mchangani kutaga mayai, mmoja baada ya mwingine, mwaka mzima. Zamani walichinjwa kwa nyama, kama wanavyochinjwa kwetu hata leo kwa siri. Watu wa Itsamia walijiunga wenyewe kuwalinda, na mwaka 2001 ikatangazwa hifadhi ya bahari ya Mwali, ya kwanza katika nchi ile, vijiji vikishirikishwa katika kupanga sheria zake. Mwaka 2020 UNESCO ikakiingiza kisiwa kizima katika hifadhi zake za viumbe. Mgeni hupelekwa ufuoni na kijana wa kijiji, na ujira hubaki kijijini. Kasa aliyechinjwa huliwa siku moja. Kasa aliye hai huwaletea wageni miaka na miaka. Hesabu hiyo wameipiga watu wasio na utajiri wowote, na ingefaa tuipige na sisi huku Kenya.

Nzuani ni milima, mito na harufu. Harufu yenyewe ni ya mlangilangi, ua lile lile ambalo akina mama zetu hulitia katika kikuba pamoja na asumini. Huko hulimwa mashamba kwa mashamba, likapikwa na kukamuliwa mafuta yanayouzwa Ufaransa kutengenezea manukato ya bei kubwa. Wanawake wa Nzuani hujitanda shiromani nyekundu na nyeupe, na usoni hupaka msindanu, ambao sisi tungeuita liwa. Mji wa Mutsamudu, na vichochoro vyake na ngome yenye mizinga juu ya kilima, utamfanya mtu wa Lamu ahisi yuko kwao. Nendeni na Domoni, mji mkuu wa kale, mkatazame milango ya nakshi. Ni katika maji ya Domoni ambapo mwaka 1952 mvuvi mmoja alimvua samaki waliyemwita gombessa. Wataalamu walikuwa wakimtafuta samaki huyo kwa miaka 14, tangu mwenziwe alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938, kwa kuwa walidhani jamii yake ilikwisha mamilioni ya miaka iliyopita. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote, ila hawakumpenda kwa kuwa nyama yake ina mafuta mengi.

Lakini uzuri wa Nzuani unaliwa. Kuyapika maua ya mlangilangi kunataka kuni nyingi, na watu wameongezeka. Milima imekatwa miti, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Popo mkubwa wa Livingstone, mwenye mbawa za upana wa karibu mita moja na nusu, apatikanaye Nzuani na Mwali tu duniani kote, anakosa miti ya kulala. Nyumba za kale za mawe katika Mutsamudu na Domoni nazo zinaporomoka, kwani wenyewe wako ghaibu na wengine hawana uwezo wa kuzitengeneza.

Na liko lile la Maore. Kutoka Nzuani hadi Maore ni kiasi cha kilomita 70, na kwa karne nyingi watu walivuka kwenda kuoa, kuzika na kuuza ndizi. Mwaka 1995 Ufaransa ilianza kuwadai viza. Tangu hapo watu huvuka usiku kwa vidau viitwavyo kwasa-kwasa, wakiwemo wajawazito na wagonjwa wanaotafuta hospitali, na maelfu wamezama. Mgeni akikaa Nzuani siku tatu hatakosa kuonyeshwa nyumba yenye msiba wa aina hiyo. Nayataja haya kwa sababu si adabu kwenda kwa jirani ukasifu pwani yake ukafumbia macho matanga yake.

Kwa anayetaka kwenda, haya machache. Ndege hutua Hahaya, kaskazini ya Moroni. Fedha yao ni faranga ya Komoro, nayo imefungamanishwa na yuro, basi ni heri kuchukua yuro kuliko shilingi. Baina ya visiwa kuna ndege ndogo na vyombo vya baharini. Siku ya upepo mkali, subiri. Hoteli kubwa hazipo kisiwani Mwali, zipo nyumba za wageni za vijijini, na chakula ni samaki, ndizi, kisamvu cha nazi wakiitacho mataba, na mkate wa sinia usiotofautiana na wetu. Mavazi ya heshima, swala kwa wakati wake, na lugha ya upole vitakufungulia milango ambayo fedha haifungui.

Wahenga walisema muacha asili ni mtumwa. Vijana wetu wenye jina la Ngazija katika majina yao na wasioweza kutaja hata kijiji kimoja cha huko, wazee wao wangali hai wa kuwaelekeza. Waulizeni sasa mji gani, mtaa gani, jamaa gani, mkaandike. Kisha, inshaallah, mkate tikiti.