Dap-Kings: Bendi iliyorudisha soul sokoni kwa vyombo vyake yenyewe

Mwaka 2001, wakati kampuni kubwa za muziki za Marekani zikikimbilia midundo ya kompyuta, wanamuziki wawili wa Brooklyn, jijini New York, waliamua kuwekeza katika bidhaa ambayo soko lilikuwa limeipa kisogo kwa miaka mingi. Bidhaa hiyo ni muziki wa soul, ule wa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Wanamuziki hao ni Gabriel Roth, mpiga besi, na Neal Sugarman, mpuliza saksafoni. Kampuni yao wakaiita Daptone Records, na bendi ya nyumbani ni Dap-Kings.

Soul si mgeni katika ukanda huu. James Brown, mmoja wa vinara wake, alitumbuiza Kinshasa Septemba 1974 katika tamasha lililoandaliwa kuambatana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman.

Aliyesimama mbele ya Dap-Kings ni Sharon Jones, mzaliwa wa Augusta, Georgia, mwaka 1956, aliyekulia Brooklyn. Kwa miaka mingi aliimba kanisani na kwenye harusi huku akitafuta riziki kwingine: aliwahi kuwa askari katika gereza la Rikers Island, kisha mlinzi wa magari ya kusafirisha fedha. Jones alisimulia hadharani jinsi alivyokataliwa na mtu wa kampuni ya muziki kwa kuwa ni mweusi mno, mfupi, mnene na umri umemtupa mkono. Roth alimsikia mwaka 1996, alipokuja studio kumwitikia mwimbaji Lee Fields. Albamu ya kwanza ya Jones na Dap-Kings ilitoka mwaka 2002, akiwa tayari amevuka miaka 40.

Kampuni haikuwa na jengo la kifahari. Studio yake ilikuwa nyumba ya makazi mtaani Bushwick, na wanamuziki wenyewe walishiriki kuitengeneza. Humo bendi ilipiga pamoja chumbani, dramu, gitaa na tarumbeta, na sauti zikanaswa kwenye kanda kama zamani. Kisha zikauzwa kwenye santuri, zikiwemo zile ndogo za nyimbo mbili ambazo wengi waliamini zimekwisha muda wake. Wapenzi wa soul walizinunua kwa sababu hawakuwa wakiipata bidhaa hiyo kwa wingi kwingine.

Soko kubwa likaitambua kazi hiyo kupitia mtu mwingine. Mtayarishaji Mark Ronson aliwachukua Dap-Kings kupiga katika nyimbo kadhaa za albamu ya Amy Winehouse, Back to Black, iliyotoka mwaka 2006. Albamu iliuza mamilioni ya nakala, na Februari 2008 Winehouse akatwaa tuzo tano za Grammy. Jina kwenye jalada halikuwa la Dap-Kings. Mfanyabiashara aliyewahi kusafirisha mzigo wa mwenzake kuvuka mpaka anajua tofauti ya malipo ya usafiri na faida ya mzigo.

Tofauti ni kwamba Dap-Kings walikuwa na duka lao la kurudi. Mwaka 2007 walitoa albamu yao na Jones, 100 Days, 100 Nights, chini ya kampuni yao wenyewe, wakati masikio ya dunia yakiwa tayari yamezoea mlio wao. Baadaye kampuni hiyo hiyo ilimfungulia mlango Charles Bradley, aliyekuwa akiigiza nyimbo za James Brown kwenye vilabu. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2011, akiwa na zaidi ya miaka 60.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2013, Jones alipogundulika kuwa na saratani ya kongosho. Albamu mpya iliahirishwa na ziara zikasimama. Filamu ya Barbara Kopple, Miss Sharon Jones!, inaonyesha jinsi ukimya huo ulivyogusa mifuko ya wanabendi, kwani chakula cha nyumba nyingi kilitegemea mtu mmoja kupanda jukwaani. Kibanda cha sokoni hukutana na hali hiyo hiyo pale mwenye kujua wateja na bei anapolazwa.

Jones alirudi jukwaani mapema mwaka 2014, kichwa kikiwa hakina nywele kwa sababu ya tiba. Saratani ikarejea, naye akaendelea na ziara. Alifariki Novemba 18, 2016, akiwa na miaka 60. Mwaka mmoja baadaye, Dap-Kings walitoa albamu waliyorekodi naye kabla hajafa, Soul of a Woman, kupitia Daptone ile ile.

Kwa wanamuziki wa ukanda wetu, hapo ndipo pa kuangalia. Nyimbo nyingi za bendi za dansi za Tanzania zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki huko. Zilipendwa bado zina wasikilizaji pande zote za mipaka, na vijana wanaozipiga upya wapo. Kabla ya kuingia studio, waulize kwanza kanda itabaki kwa nani.