Wageni wa Angani Walipofika Kalerwe: Watazamaji na Filamu ya War of the Worlds

Utangulizi

Wanafunzi wa kozi yetu ya tafsiri huniuliza mara kwa mara: tafsiri nzuri hupimwa kwa kipimo gani? Vitabuni majibu ni mengi. Eugene Nida, kwa mfano, alisisitiza kwamba tuangalie mwitiko wa mpokeaji: je, ameguswa kama alivyoguswa mpokeaji wa matini ya kwanza? Makala hii inakusudia kulijadili swali hilo kwa kutumia mfano wa karibu sana nasi. Mfano huo ni filamu ya War of the Worlds, yaani vita vya dunia mbili, kama ilivyopokelewa katika kibanda kimoja cha sinema pale Kalerwe.

Wasomaji wetu wa Kampala wanaifahamu Kalerwe. Ipo bondeni, upande wa kaskazini wa kilima cha Makerere, kwenye barabara ya Gayaza. Ni mahali pa kununua vyakula kwa bei nafuu, pa pikipiki zisizohesabika, na pa mfereji mkubwa ambao mvua ikinyesha sana hufurika hadi majumbani. Ni mahali pa vibanda vya sinema pia, ingawa siku hizi vijana wengi hutazama filamu kwa simu.

Nimeitazama filamu hiyo Kalerwe mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2006, nilipoingia peke yangu kwa kiingilio cha shilingi 500 kuikimbia mvua. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2023, nikiwa na wanafunzi saba wenye daftari na kalamu, ambao niliwapa kazi ya kuandika kila kauli waliyoisikia kwa watazamaji. Kibanda kilikuwa kingine, lakini tafsiri ilikuwa ileile iliyorekodiwa zamani. Jambo hilo lilitufaa sana, kwa sababu matini haikubadilika. Kilichobadilika ni hadhira.

Riwaya, filamu na mfasiri wa kibandani

Riwaya ya The War of the Worlds iliandikwa na Mwingereza H. G. Wells. Ilichapishwa kwa mfululizo katika jarida mwaka 1897, na kama kitabu mwaka 1898. Inasimulia jinsi viumbe kutoka sayari ya Mirihi walivyoivamia Uingereza wakiwa na mitambo yenye miguu mitatu na miale inayounguza. Majeshi yanashindwa na watu wanakimbia. Mwishoni wavamizi wanakufa wenyewe, kwa kuwa miili yao haikuwa na kinga dhidi ya vijidudu vya dunia yetu.

Kila aliyeitohoa kazi hii ameihamishia nyumbani kwake. Orson Welles, katika mchezo wa redio wa tarehe 30 Oktoba 1938, aliwashusha wavamizi New Jersey, Marekani. Filamu ya mwaka 1953 iliwapeleka California. Mwaka 1949 redio moja ya Quito, Ecuador, iliwaleta karibu na mji huo, na wasikilizaji walipogundua kwamba ni mchezo tu walikasirika wakaichoma moto stesheni, na watu wakafa. Filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 2005, ambayo ndiyo tunayoizungumzia hapa, inaanzia tena New Jersey. Stelingi wake ni Tom Cruise, aliyeigiza kama Ray Ferrier, mwendesha kreni bandarini, anayekimbia na watoto wake wawili hadi Boston.

Kule kibandani kuna mtohozi mwingine. Hapa Uganda huitwa vijei, na baadhi yao, kama VJ Jingo, wamekuwa mashuhuri. Tanzania nako walikuwako, na maarufu zaidi alikuwa Lufufu. Mtaalamu wa Ujerumani, Matthias Krings, alipoandika juu ya kazi hii huko Tanzania, aliipa makala yake jina linalotokana na mfano wa wali unaogeuzwa kuwa pilau. Vijei hatafsiri tu. Hueleza, hutania, huonya, huwapa wahusika majina ya mitaa yetu. Wanafunzi wa fasihi simulizi watamtambua mara moja: huyu ni fanani, na kibanda ni uwanja wake. Katika tafsiri tuliyoisikia, njia panda inayopasuka ili mtambo wa kwanza utoke ardhini ilikuwa njia panda ya Kalerwe, na watu walikuwa wakikimbilia Bwaise. Kama Welles aliruhusiwa kuwahamisha wavamizi kutoka Uingereza hadi New Jersey, sioni kwa nini vijei akatazwe.

Watazamaji walikuwa na malalamiko pia. Katika filamu, mitambo ilifukiwa ardhini zama za kale, jambo ambalo halimo katika riwaya. Kijana mmoja aliuliza kwa sauti: inawezekanaje watu wachimbe misingi, visima na vyoo miaka yote hiyo wasigonge hata kipande cha chuma? Ni swali ambalo wahakiki wa Marekani nao waliliuliza. Wengine walimlaumu stelingi kwa kukimbia mno. Hata hivyo, kuna sehemu tatu ambapo kibanda kizima kiliitika kwa namna ya pekee.

Askari wanaosema Kiswahili

Sehemu ya kwanza inatuhusu moja kwa moja sisi walimu wa Kiswahili. Katika tafsiri ile, wahusika wote wanasema Kiganda, isipokuwa askari. Mwanajeshi wa Kimarekani anapotokea, vijei hubadili sauti na kuamrisha kwa Kiswahili: “Wewe! Simama! Rudi nyuma!” Mwaka 2006 kibanda kizima kilicheka, na mwaka 2023 kilicheka tena.

Kicheko hicho kina historia. Wakati wa utawala wa Idi Amin, kuanzia mwaka 1971 hadi 1979, Waganda wengi walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Tangu hapo kikabandikwa jina la lugha ya askari na wezi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini kibandani hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini askari wa New Jersey anasema Kiswahili.

Nakiri kwamba mwaka 2006 niliudhika. Nilitoka nikijiambia kwamba kazi yetu ya miaka mingi inabomolewa kwa kicheko kimoja. Mwaka 2023 mzee mmoja aliyekaa nyuma yetu, alipoambiwa kwamba sisi ni wa Kiswahili, alinisahihisha kwa upole. “Mwalimu,” alisema, “hata wale waliokuja kutuokoa mwaka 1979 walisema Kiswahili.” Alikuwa akiwakumbuka wanajeshi wa Tanzania walioingia Kampala mwezi Aprili mwaka huo pamoja na wapiganaji wa Uganda. Alisema wao walianza na neno “jamani”, na kwamba aliposikia neno hilo ndipo alipojua kuwa hatapigwa. Mwanafunzi mmoja aliandika katika ripoti yake kwamba vijei angeweza kumpa Kiswahili hicho cha pili mhusika mwingine, kwa mfano yule anayewavusha watu kwenye kivuko. Nilimpa alama nzuri.

Wanyonya damu

Sehemu ya pili ni ile ambapo mitambo inawanasa watu na kuwanyonya damu, kisha damu hiyo inanyunyizwa shambani na kulisha magugu mekundu. Vijana walipiga kelele za hofu na furaha, kama ilivyo desturi ya filamu za kutisha. Lakini mama mmoja wa makamo alitamka neno moja tu: bazimamoto.

Wanafunzi wangu hawakulijua. Niliwaeleza kwamba wakati wa ukoloni watu wa Kampala walinong’ona kwamba wazimamoto walikuwa wakiwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Kenya walisemwa vivyo hivyo, na pwani waliitwa mumiani. Mwanahistoria Luise White alizikusanya habari hizo katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000. Hakudai kwamba damu ilitolewa kweli. Alionyesha kwamba kwa minong’ono hiyo watu walikuwa wakizungumzia kazi za ajabu, magari, madawa na mamlaka wasiyoyaelewa. Wapenzi wa lugha wazingatie pia kwamba “bazimamoto” ni neno la Kiswahili lililovaa kiambishi cha Kiganda. Kwa hiyo hata jina la hofu hiyo lilipitia kwetu.

Je, mama huyu aliielewa filamu vibaya? Hapana. Katika riwaya, watu wa Mirihi huishi kwa kujitia damu ya binadamu mwilini, na mwandishi alijua alichokuwa akikifanya. Katika sura ya kwanza kabisa Wells anawataka wasomaji wake, kabla hawajawahukumu wavamizi, wakumbuke jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Riwaya hii ni kioo alichowashikia wenzake: tazameni, hivi ndivyo tunavyoonekana kwa tunaowavamia. Mwaka ileile habari hii ilipoanza kuchapishwa, 1897, Kabaka Mwanga aliasi dhidi ya Waingereza. Mwaka 1899 alikamatwa pamoja na Omukama Kabalega wa Bunyoro, wakapelekwa uhamishoni Shelisheli. Msomaji wa London alihitaji bidii ya kubuni ili ajione mvamiwa. Mama wa Kalerwe alihitaji kumkumbuka bibi yake tu.

Vijidudu na malaria

Sehemu ya tatu ni mwisho wa filamu. Watazamaji wa nchi nyingi wamelalamika kwamba mwisho huu ni mwepesi mno: vita vyote hivyo, halafu adui anakufa kwa ugonjwa. Vijana wa Kalerwe nao walitaka stelingi ammalize adui kwa mkono wake. Kweli, analipua mtambo mmoja kwa mabomu ya mkono, lakini mmoja hauwatoshi watu waliolipa kiingilio.

Hapo ndipo vijei alipoitumia kalamu yake mwenyewe. Sauti ya msimulizi inapoeleza habari za vijidudu, yeye alisema kwamba wageni waliumwa na mbu wa Kalerwe wakapata omusujja, yaani homa ya malaria. Mwaka 2006 watu walisimama wakashangilia. Kisayansi ni kosa, maana filamu haitaji malaria wala mbu. Lakini hoja ya Wells ilibaki salama. Anasema kwamba binadamu wamelipia haki yao ya kuishi duniani kwa vifo visivyohesabika vya wale waliotangulia. Mtu aliyekulia kando ya mfereji wa Kalerwe, aliyezikwa nduguye mdogo kwa malaria, anaijua bei hiyo. Neno “vijidudu” lingempita. Malaria haikumpita.

Mwaka 2023 mzaha uleule, kwa sauti ileile, ulipokewa tofauti. Waliocheka walikuwa wachache. Shule za Uganda zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona tangu Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, na vibanda navyo vilifungwa. Baadhi ya wanafunzi niliokuwa nao walipoteza wazazi. Yule mzee alisema kwamba maradhi hayachagui mvamizi na mwenyeji. Historia inamuunga mkono: malale yaliyozuka kandokando ya ziwa kuanzia mwaka 1900, wakati utawala wa kigeni ulipokuwa ukijiimarisha, yaliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 Busoga na Buganda. Kwetu sisi vijidudu havikuwa jeshi la wenyeji. Hapa mtazamaji hakuielewa hadithi tu, bali aliibishia, na nadhani Wells angemsikiliza.

Hitimisho

Tukirudi kwenye swali la wanafunzi, filamu hii inatufundisha kwamba kipimo cha mwitiko ni kizuri lakini si rahisi. Tafsiri moja ilishangiliwa mwaka 2006 na kunyamaziwa mwaka 2023. Kwa hiyo mfasiri hana budi kujua hadhira yake imepitia nini, na mwaka gani. Vijei analijua hilo bila kusoma kozi yetu.

Fasihi ya Kiswahili nayo ina safari zake za angani. Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995, inamrusha Dzombo katika chombo cha angani hadi sayari ambayo jina lake, ukilitazama vizuri, linasema “wale ni sisi”. Muhula ujao tutaisoma riwaya hiyo sambamba na filamu hii, na kila mwanafunzi atatafsiri dakika kumi za filamu kwa Kiswahili na kuzisimulia mbele ya watu, Kalerwe ikiwezekana. Sharti ni moja: askari aseme lugha yoyote anayotaka mfasiri, lakini Kiswahili kitoke pia kinywani mwa mtu ambaye hana bunduki. Walimu wa vyuo vingine watakaopenda kulijaribu zoezi hili tunawakaribisha watuletee matokeo yao, nasi tutayachapisha katika toleo lijalo.