Nguvu Baada ya Sindano za Tezi Dume

Mzee wa hapa Bulyanhulu aliyezoea sururu akianza sindano za homoni kwa saratani ya tezi dume hushangaa: kazi ndogo inamchosha, hamu ya tendo la ndoa imekwisha, usiku joto linampanda ghafla. Si kurogwa huko. Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, testosteroni; daktari Charles Huggins wa Marekani alilionyesha hilo mwaka 1941. Sindano huzuia korodani kuitengeneza.

Je, itarudi? Inategemea ulivyotibiwa. Aliyeondolewa korodani kwa upasuaji, homoni yake hairudi (na hili aambiwe yeye na mkewe kabla ya kutia saini). Aliyechomwa sindano, daktari akizisimamisha, mara nyingi hurudi polepole: miezi 6, mwaka, hata zaidi. Wazee na waliochomwa muda mrefu huchelewa, na wengine haifiki ilipokuwa.

Hapo ndipo wauza "dawa ya nguvu" sokoni Kakola hupata wateja. Usinunue, wala usichomwe testosteroni kienyeji. Waweza kuiamsha saratani. Kwa uchovu huu mazoezi yana ushahidi mzuri: tembea kila siku, nyanyua vitu vyepesi mara 2 au 3 kwa wiki. Pima wingi wa damu, maana upungufu wake nao huchosha. Ukienda Bugando kwa kipimo cha PSA, uliza kama testosteroni nayo ipimwe. Sindano usiziache mwenyewe. Na mgongo ukianza kuuma upya au miguu ikilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo.