Zulia, Sakafu na Tohara ya Nyumba: Shauri kwa Watu wa Arusha na Meru

Katika nyumba zetu zulia halikuwekwa kwa pambo tu. Hapo ndipo wageni wanapoketi, hapo ndipo mtoto anapojifunza kutambaa, na hapo ndipo watu wa nyumba wanapoweka mapaji ya nyuso zao katika Sala. Kwa hiyo kulisafisha ni kazi yenye mambo mawili ndani yake: kuondoa uchafu unaoonekana, na kuondoa najisi ambayo pengine haionekani kabisa. Watu huyachanganya mambo haya, na hutukia zulia likanukia vizuri kwa sabuni huku halifai kuswaliwa. Au likawa tohara, lakini limejaa ukungu unaowadhuru watoto vifua. Twapenda kueleza namna ya kuifanya kazi hii kwa mikono yetu wenyewe, na hasa twasema na ndugu zetu wa Arusha na vijiji vya Meru, maana vumbi lao, maji yao na baridi yao vina tabia ya peke yake.

Mji wa Arusha uko yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru ambao kimo chake chapita mita 4,500. Mlima huo ni wa volkano, na mara ya mwisho kuonekana ukitoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Udongo wa miteremko yake umetokana na majivu ya kale, na ndio unaostawisha migomba na kahawa. Lakini neema hiyo, ikifika miezi ya ukavu kuanzia Agosti hadi Oktoba na upepo ukavuma, hugeuka vumbi jembamba lipitalo chini ya mlango uliofungwa. Mama wa Ngarenaro au Sakina afagiaye asubuhi hukuta adhuhuri meza imefunikwa tena. Punje za vumbi hilo, ijapokuwa ni ndogo, zina kingo kali. Zikizama katika zulia na kukanyagwa, hukata nyuzi kama msasa ukatavyo mbao. Ndiyo sababu zulia huchakaa kwanza pale mlangoni, hata kama halikupata doa hata moja.

Basi kazi ya kwanza ni vumbi, na maji yasiliguse zulia kabla vumbi halijatoka. Atakayemwaga maji na sabuni juu ya zulia lenye vumbi la Meru amejitengenezea tope, na tope hilo litashuka kwenye shina la nyuzi lisitoke tena. Litoeni zulia nje, mlining'inize juu ya kamba imara au ukuta mfupi, upande wa nyuma ukiwa juu, kisha lipigwe kwa fimbo pana mpaka lisitoe wingu. Baadaye lifagiwe upande wa mbele kwa kufuata mlalo wa nyuzi. Mwenye mashine ya kufyonza vumbi aitumie, tena aipitishe polepole pande zote mbili; mashine ikimbizwayo hufyonza juu juu tu. Anayelipiga afunike pua na mdomo kwa kitambaa, na mwenye pumu akae mbali, kwa kuwa mazuliani huishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, walao magamba ya ngozi zetu, na mavi yao huamsha pumu.

Hapa twapenda vijana wa kiume watusikilize. Zulia likinywa lita 20 za maji limeongezewa uzito wa kilo 20, na si haki mzigo huo kuachiwa mama peke yake. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake. Mwenye kuona haya kulipiga zulia mbele ya majirani na alifikiri jibu hilo.

Kisha tulijue zulia letu. Mazulia mengi yauzwayo leo madukani yamefumwa kwa nyuzi za kiwandani zenye asili ya plastiki, na hizo hustahimili sabuni na maji. Lakini wako watu walio na zulia la sufu, pengine lililotoka Uajemi au Uturuki, au lililorithiwa. Sufu ni nywele za mnyama. Haitaki maji ya moto, na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile ambayo wengi huiita jiki, huila hata ikayeyuka. Magadi nayo, yale yatokayo Ziwa Natron ambayo wengine huyatumia kulainishia maharage, hung'oa mafuta vizuri katika sakafu ya saruji, lakini huifanya sufu iwe dhaifu. Mtu asiyejua zulia lake ni la nini achomoe uzi mmoja upande wa nyuma auchome kwa kiberiti mbali na zulia: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu la kusagika, na plastiki huyeyuka ikafanya tone gumu. Rangi pia ijaribiwe. Kandamiza kitambaa cheupe kilicholowa kwenye pembe moja kwa dakika chache; kikitoka na rangi, zulia hilo lisiloweshwe.

Katika kuosha, kosa kubwa ni wingi wa sabuni. Maji mengi ya chemchemi na visima vya Meru yana chumvi za magadi na hayana chokaa nyingi. Sabuni hutoa povu upesi ndani yake, na kidogo hutosha. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji katika ndoo ya lita 10 chatosha kabisa. Sabuni inayobaki katika nyuzi haikauki ikawa si kitu. Hunata, na kila mguu unaopita huiachia vumbi, hata baada ya wiki mbili zulia likawa chafu kuliko kabla ya kuoshwa. (Maji hayo hayo, tukisema kwa kupita tu, katika sehemu nyingi kama vile Maji ya Chai yana floridi nyingi inayotia meno rangi ya kahawia na kuharibu mifupa ya watoto, na kuyachemsha hakuiondoi. Kwa kuoshea hayana neno. Kwa kunywa ni habari nyingine.) Sugueni kwa brashi laini, sehemu ndogo ndogo, kisha mpitishe maji safi mpaka yatokayo yasiwe na povu. Mkamulie kwa ubao au kwa mpira wa kusukumia maji, mkisukuma kwa kufuata nyuzi.

Madoa yana haraka yake. Chai, kahawa, damu na mkojo vyataka maji baridi hapo hapo, na kitambaa cha kukandamiza, si cha kusugua. Kusugua hulipanua doa na kulipeleka chini. Mafuta na samli vinyunyiziwe unga au chumvi ya kuvinyonya kwanza. Nta ya mshumaa, ambayo umeme ukikatika hufika mpaka zuliani, ikwanguliwe ikiwa ngumu, halafu karatasi iwekwe juu na pasi ya joto dogo ipitishwe. Ama utomvu wa ndizi, watu wa Meru hawana haja ya kufundishwa ukaidi wake. Aliyezoea kumenya ndizi hupaka mafuta mikononi na kisuni kabla ya kuanza, na hamenyei sebuleni.

Sasa tufike katika najisi, na hapa twaomba msomaji atulie nasi, maana ndipo penye madhara makubwa yafanywayo kwa nia njema. Mtoto amekojoa sakafuni. Mama achukua dekio, alichovya katika ndoo yenye maji na dawa ya harufu nzuri, apangusa mkojo, alichovya tena katika ndoo ile ile, na kwa maji hayo adeki sebule nzima. Mbele ya macho sakafu imeng'aa. Lakini kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika Afrika ya Mashariki, maji machache yakiingiwa na najisi yamenajisika, yawe yamebadilika au hayakubadilika. Na machache ni yale yasiyofika kula mbili, ambazo wengi huzikadiria kuwa lita 200 na kitu. Ndoo yetu ni ya lita 10. Mama huyu alikuwa na najisi ya pahali padogo kama sahani, naye ameieneza katika chumba kizima.

Njia iliyo sawa ni nyepesi kuliko hiyo. Kwanza mkojo ukaushwe kwa kitambaa mpaka pasibaki umajimaji wake, na kitambaa hicho kiwekwe kando kikafuliwe. Kisha maji safi yamwagwe juu ya mahali pale, yapafunike na kupita, halafu yapanguswe kwa kitambaa kingine. Yaani maji ndiyo yaiendee najisi. Najisi isipelekwe katika maji. Twajua kisa cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.). Masahaba walimkemea, Mtume akawazuia wamwache amalize, akaamrisha ndoo ya maji imwagwe mahali hapo. Baada ya hayo ndipo mtu akipenda adeki chumba chote kwa sabuni na manukato yake.

Na zulia ni hivyo hivyo: likaushwe, limwagiwe maji, likamuliwe. Rangi au harufu ikibaki baada ya jitihada, na kuiondoa ni taabu, imesamehewa. Lakini kuanika juani peke yake hakutoshi katika madhehebu yetu, wala povu kavu la makopo, wala mashine ya kufyonza. Vyote hivyo huondoa uchafu, na tohara hutaka maji. Mkojo wa mtoto mwanamume asiyetimiza miaka miwili, ambaye chakula chake ni maziwa tu, hunyunyiziwa maji ya kuuenea bila ya kulazimika kupitisha, kama alivyofanya Mtume (s.a.w.) alipokojolewa na mtoto wa Ummu Qays. Wenye mbwa wa ulinzi, nao ni wengi huko Njiro, Usa River na mashambani, wajue kwamba mahali palipoguswa na mate yake au mwili wake uliolowa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo; basi afadhali mbwa azuiliwe barazani kuliko kutia udongo katika zulia la sebule. Walio katika madhehebu mengine wawaulize masheikh wao, kwani katika mambo haya ziko tofauti.

Hatari nyingine haihusu tohara bali roho za watu. Klorini isichanganywe na kitu chochote ila maji. Ikikutana na dawa kali ya kuoshea vyoo, ambayo ni asidi, au hata na siki, hutoa hewa ya sumu ile ile iliyotumiwa kama silaha huko Ubelgiji mwaka 1915. Ikimwagwa juu ya mkojo uliokaa siku nyingi hutoa hewa nyingine yenye kuchoma macho na mapafu. Siki na limau pia zisipakwe juu ya marumaru ya jiwe wala sakafu za saruji, kwa sababu asidi hula chokaa, na mng'ao ukishaliwa haurudi kwa kusugua. Vigae vya udongo wa kuchoma havina neno na siki. Sakafu nyekundu za zamani zinazopakwa nta hutosheka na kitambaa chenye unyevu.

Iliyobaki ni kukausha, na kwa watu wa Arusha hiyo ni nusu ya kazi. Zulia nene lililolowa lataka siku moja au mbili za jua na upepo; likikaa na unyevu zaidi ya hapo hufanya ukungu chini, hata kama juu lahisika kavu. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ile ya baridi ya Juni na Julai, wakati mawingu ya Meru yakaapo juu ya mji mpaka mchana, si ya kufua mazulia. Mtu akishikwa na dharura aoshe mahali palipochafuka tu. Wako wanaowasha jiko la mkaa ndani ya chumba na kufunga madirisha ili zulia likauke usiku. Tafadhali lisifanywe jambo hili kamwe. Mkaa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, na waliolala humo hawaamki.

Wengi wetu tuna desturi ya kufua kila kitu siku mbili tatu kabla ya Idi. Mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi huhama katika majira. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na ya mwaka 2026 huanza baada ya katikati ya Februari. Maana yake Idi za miaka hiyo huangukia masika yakiingia au yakiwa yamekwisha ingia. Mwenye busara atafua katika Shaabani, wakati wa jua la Januari na Februari. Zulia lianikwe juu ya kamba au magogo, lisilazwe juu ya majani, lianze kwa upande wa nyuma, na la sufu liwekwe penye upepo na kivuli ili rangi isififie. Kabla ya kulirudisha ndani tia kiganja chini ya nyuzi, katikati, pale palipo pazito; pakiwa baridi bado lina maji, lirudishe kambani.